Mwongozo Kamili wa Kurahisisha Uondoaji wa Taka katika Vielelezo Vinavyojengwa kwa Matabaka ya Karatasi

Kielelezo kinachojengwa kwa matabaka ya karatasi, yaani sampuli ya umbo ambayo mashine huijenga kwa kugandisha na kukata karatasi moja juu ya nyingine, hakitoki mashineni kikiwa na sura yake. Kinachotoka ni bonge la pembe nne, zito na gumu kama kipande cha gogo, ambalo ndani yake umbo lililokusudiwa limezikwa. Kila kilicho nje ya umbo hilo ni taka, na taka hiyo huondolewa kwa mkono, kipande baada ya kipande, kwa patasi, kibano na subira. Hapo ndipo mbavu nyembamba huvunjika, kuta hubanduka na saa nyingi za mashine hupotea bure, kwa sababu fundi analazimika kutumia nguvu mahali ambapo taka ilipaswa kuachia yenyewe.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: urahisi au ugumu wa kuondoa taka huamuliwa kabla ya karatasi ya kwanza kugandishwa. Patasi nzuri husaidia, lakini haiwezi kurekebisha mpango mbaya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zinazofuata hufanyika mbele ya kompyuta na katika majaribio ya mashine, na zile za mezani, ambazo wengi hudhani ndizo kazi yenyewe, zinakuja mwishoni.

Jinsi taka inavyoshika

Njia hii ilianzishwa na Michael Feygin na kampuni ya Helisys ya Torrance, California, na mashine zake za kwanza ziliuzwa mwaka 1991. Karatasi yenye gundi ya poliethilini upande wa chini hutandazwa juu ya bonge, rola yenye moto hupita juu yake na kuigandisha, kisha leza ya kaboni dioksidi hukata mzingo wa umbo katika tabaka hilo. Eneo lililobaki hukatwakatwa kwa mistari mtambuka kuwa vigae vya mraba, fremu, yaani ukingo wa nje wa bonge, hukatwa pembeni, jukwaa hushuka kwa unene wa tabaka moja, takribani milimita 0.1, na mzunguko unaanza upya.

Faida yake ni kwamba taka hubeba matabaka ya juu, hivyo hakuna haja ya kubuni mihimili ya kutegemeza sehemu zinazoning'inia. Hasara yake ni kwamba rola haijui umbo ni lipi na taka ni ipi: hugandisha yote. Kwenye kuta za wima, umbo na taka vimetenganishwa na mkato wa leza. Kwenye nyuso za mlalo, hakuna mkato wowote kati yao. Tabaka la mwisho la umbo limegandana na tabaka la kwanza la taka lililo juu yake kwa nguvu ileile inayoshikanisha umbo lenyewe. Anayeelewa tofauti hiyo ameelewa nusu ya kazi.

Watengenezaji wengine walilikabili tatizo hili kwa kubadilisha gundi badala ya mkato. Kira ya Japani ilichapa unga wa resini kwenye karatasi, ukawa mwingi penye umbo na haba penye taka, na kukata kwa kisu. Solidimension ya Israeli ilitumia filamu ya plastiki ya PVC pamoja na kalamu zinazopaka kimiminika cha kuua gundi penye taka, ili taka itoke kama ukanda uliokunjamana. Mcor ya Ayalandi, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilidondosha gundi ya maji kwenye karatasi za kawaida za A4, matone mengi ndani ya umbo na machache nje yake. Palikuwapo pia njia ya kukata kila tabaka kwanza na kuligandisha baadaye, ambayo huondoa taka kabla haijashika, lakini hudai upangaji makini sana wa matabaka na hurudisha haja ya mihimili. Nitazungumzia zaidi mashine za leza na gundi ya moto, kwa kuwa ndizo zenye taka sugu kuliko zote, na nitataja pale ambapo mashine za kisu zinatofautiana nazo.

Hatua ya kwanza: gawa taka katika makundi

Fungua faili la umbo na ulizungushe polepole kwenye skrini. Usitazame umbo; tazama nafasi iliyo wazi kulizunguka, kana kwamba hiyo ndiyo unayoitengeneza. Kila sehemu ya nafasi hiyo itaingia katika mojawapo ya makundi matatu. La kwanza ni taka ya nje, iliyo kati ya umbo na fremu, ambayo inaweza kutoka kwa upande wowote. La pili ni taka iliyo ndani ya shimo au bonde lenye mdomo, ambayo ina njia moja tu ya kutokea. La tatu ni taka iliyofungiwa kabisa, au iliyo nyuma ya mdomo mwembamba kiasi kwamba hakuna kifaa kinachoweza kuifikia.

Kundi la tatu halina dawa katika hatua za baadaye. Ukiliona, lazima ubadilishe kitu sasa: ugawe umbo, ulizungushe, au umwombe mbunifu atoboe tundu la kutolea taka, ambalo litazibwa kielelezo kikishakamilika. Nimeona watu wakipeleka kazi mashineni wakiamini kwamba "itapatikana njia" ya kutoa taka iliyofungiwa. Njia hiyo haipatikani, na bonge huishia kukatwa kwa msumeno.

Hatua ya pili: chagua mkao wa umbo

Mkao ndio uamuzi wenye uzito kuliko mwingine wowote. Kwa kawaida mkao huchaguliwa kwa kutazama urefu wa wima, kwa kuwa matabaka machache humaanisha muda mfupi, lakini mkao mfupi mara nyingi hulaza nyuso pana kabisa za umbo, na nyuso pana za mlalo ndizo zinazogandana na taka. Saa tatu zilizookolewa mashineni zinaweza kulipwa kwa siku nzima mezani.

Yapo mambo matatu ya kupima. Kwanza, midomo ya mashimo na mabonde ielekee juu au pembeni, kamwe isielekee chini mahali ambapo utahitaji kugeuza kielelezo na kukichokoa bila kuona. Pili, nyuso pana bapa zisilale mlalo kama zinaweza kuinamishwa. Tatu, mbavu nyembamba zisimame kwa namna ambayo matabaka yanapita kwa urefu wake na si kukatiza upana wake, kwa sababu kielelezo cha matabaka kina nguvu kinapovutwa sambamba na karatasi na ni dhaifu sana kinapovutwa katika mwelekeo wa kutenganisha karatasi.

Kuhusu kuinamisha, hesabu ndogo inaeleza mengi. Uso ulioinama hujengwa kwa ngazi, na upana wa kila ngazi ni unene wa tabaka ukigawanywa kwa tanjenti ya pembe ya mwinamo kutoka mlalo. Kwa tabaka la milimita 0.1 na mwinamo wa nyuzi 5, ngazi ina upana wa takribani milimita 1.1, na upana huo wote umegandana na taka. Kwa mwinamo wa nyuzi 45, ngazi ni milimita 0.1 tu. Sasa kumbuka kwamba leza yenyewe huunguza mfereji, na ukiwa na upana wa milimita 0.25, na mfereji huo wote umewekwa upande wa taka, basi ngazi yoyote iliyo nyembamba kuliko mfereji haina taka iliyobaki juu yake ya kugandana. Mpaka huo unafikiwa kwenye nyuzi 22 hivi. Uso ulioinama zaidi ya hapo huachia taka karibu wenyewe. Uso ulioinama chini ya hapo utahitaji matibabu ya hatua ya tano. Kwa mashine ya kisu hesabu hii haifai, kwa kuwa kisu hakiondoi upana wowote, na hapo tegemeo lako ni uhaba wa gundi penye taka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hulipuuza. Gundi ikiwa upande wa chini wa karatasi, uso wa kielelezo unaotazama juu hubaki karatasi tupu baada ya taka kubanduliwa, ilhali uso unaotazama chini hubaki umefunikwa na gundi yake mwenyewe, ambayo huenda imeng'oa nyuzi za karatasi ya taka. Kama kuna uso mmoja unaohitaji kuwa safi kuliko mingine, uelekeze juu.

Hatua ya tatu: gawa umbo linapokataa

Chukua mfano wa chupa yenye tumbo la kipenyo cha milimita 60 na shingo ya milimita 20. Ukiijenga ikiwa imesimama, vigae vya kila tabaka hupangana juu ya vingine na kuwa nguzo za wima zilizogandana kutoka chini hadi juu. Nguzo zilizo chini ya shingo zinaweza kutolewa moja kwa moja. Zile zilizo pembeni mwa tumbo hazina njia: lazima zivunjwe vipande vifupi, zisogezwe katikati, kisha zipandishwe. Ukiilaza chupa hiyohiyo nzima, hali haibadiliki, kwa sababu mdomo bado ni uleule.

Ikate chupa katikati kwa urefu, mkato ukipita kwenye mhimili wake, ulaze kila nusu huku upande ulio wazi ukitazama juu, na tatizo linaisha. Hakuna tena sehemu inayozuia nguzo kupanda. Kila nguzo hutoka wima. Weka vijiti viwili vya kulinganisha kwenye nusu moja na matundu yake kwenye nusu ya pili, na matundu yawe mapana kidogo kuliko vijiti, kwa sababu karatasi huvimba. Chagua mahali pa kukata ambapo mshono utapigwa msasa kwa urahisi, na usikate kamwe kupitia kipimo ambacho mteja atakipima.

Wapo wanaosimamisha mashine katikati ya kazi, wakatoa taka iliyo ndani ya shimo kabla tabaka la kufunga halijawekwa, kisha wakaendelea. Inawezekana kwa shimo jembamba, lakini juu ya shimo pana karatasi mpya hulegea chini ya rola na kugandana vibaya, na bonge lililopoa wakati wa kusubiri halishiki tabaka linalofuata sawasawa. Kugawa umbo ni salama zaidi.

Hatua ya nne: panga ukubwa wa gridi kwa maeneo

Gridi moja kwa bonge zima ndiyo kosa la kawaida kuliko yote. Vigae vikubwa hutoka haraka pale palipo wazi, lakini hunasa mabondeni. Vigae vidogo hutoka popote, lakini hugharimu muda wa mashine. Tufanye hesabu. Bonge lenye urefu wa milimita 300, upana 200 na kimo 150 lina matabaka 1500. Tukichukulia kwa ajili ya makadirio kwamba eneo lote ni taka, gridi ya milimita 25 inahitaji mistari yenye jumla ya mita 4.3 kwa kila tabaka. Gridi ya milimita 6 inahitaji takribani mita 19.7. Kwa kasi ya milimita 400 kwa sekunde, ya kwanza huchukua karibu saa nne na nusu kwa bonge zima, na ya pili huchukua zaidi ya saa 20. Tofauti hiyo ya saa 16 haiwezi kutetewa ikiwa vigae vidogo vilihitajika katika bonde moja tu.

Kwa hiyo gawa nafasi ya taka katika maeneo. Kwa taka ya nje, anza na vigae vya milimita 20 hadi 25. Kwa mabonde na mashimo yenye mdomo, ukubwa wa kigae hutawaliwa na mdomo, na kinachopimwa ni ulalo wa kigae, si upande wake. Kanuni ninayoitumia ni kwamba ulalo usizidi theluthi mbili za sehemu nyembamba kabisa ya njia ya kutokea. Mdomo wa milimita 20 unaruhusu ulalo wa milimita 13, yaani kigae cha upande wa milimita 9. Kwa mabonde membamba kati ya mbavu, shuka hadi milimita 3 au 2. Chini ya hapo vigae havina nguvu ya kushikwa na kibano, hubomoka na kuacha matabaka ya chini yakiwa yamekaa palepale.

Hakikisha kwamba mistari ya gridi inapita mahali palepale katika kila tabaka la eneo husika. Mistari ikihama kutoka tabaka moja hadi jingine, vigae hupandana kama matofali ya ukuta, na taka yote huwa kitu kimoja kisichogawanyika. Kwa sababu hiyohiyo, ukibadilisha ukubwa wa gridi kwenye kimo fulani, chagua ukubwa mpya unaogawanya ule wa zamani bila kubakisha, kwa mfano kutoka 24 kwenda 12 na kisha 6, ili mistari ya zamani iendelee kuwepo ndani ya mipya.

Zungusha gridi ifuate kuta kuu za umbo, kisha isogeze kidogo ili hakuna mstari unaokwenda sambamba na ukuta kwa umbali wa chini ya milimita moja. Mstari wa namna hiyo huacha utepe mwembamba wa taka ulioegemea ukuta, usiokuwa na uzito wa kutoka na kigae wala nguvu ya kuvutwa peke yake. Matokeo yake ni ukuta wenye manyoya.

Mwisho, ongeza mikato ya kufungulia kwa mkono pale ambapo gridi haitoshi. Kutoka kila kona kali ya mzingo, vuta mstari hadi kwenye fremu. Panapo duara, vuta mistari minne kutoka ukingoni kwenda nje. Mikato hii huamua bonge litafunguka wapi, na husaidia kuliko kupunguza ukubwa wa vigae.

Hatua ya tano: tibu nyuso za mlalo

Hapa ndipo penye utajiri wa maarifa, na ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Kwa kuwa hakuna mkato kati ya umbo na taka kwenye uso wa mlalo, lazima uudhoofishe mshiko wenyewe. Njia ni kulikatakata tabaka moja la taka linalogusana na uso kwa mistari iliyosongamana mno kuliko gridi ya kawaida. Mistari ikiwa na nafasi ya milimita moja hivi, gundi ya eneo hilo hugawanyika kuwa viraka vidogo, na moto wa leza huunguza sehemu yake. Nafasi ikikaribia upana wa mfereji wa leza, tabaka hilo huungua karibu lote na kinachobaki ni masizi yanayofagiliwa kwa brashi.

Lakini nyuso mbili hazifanani. Kwa uso unaotazama chini, tabaka la kukatwa ni lile la taka lililo chini yake, nalo hukatwa kabla umbo halijawekwa juu. Leza ikizama zaidi kidogo, itaumiza taka, na hilo halina madhara. Waweza kuongeza nguvu bila hofu. Kwa uso unaotazama juu, tabaka la kukatwa ni lile la taka lililokaa juu ya umbo, na leza ikizama zaidi itachora mistari kwenye uso wa kielelezo. Hapo nguvu ipunguzwe hadi kiwango kinachokata karatasi moja kwa shida, na mistari iwe na nafasi pana kidogo. Afadhali uso unaohitaji kubanduliwa kwa uangalifu kuliko uso uliochorwa gridi isiyofutika.

Kuunguza huku kuwekwe kikomo. Hufaa kwa ngazi za nyuso zilizoinama kidogo, kwa mabonde membamba yasiyofikiwa na kifaa, na kwa sakafu za mashimo. Ukikutumia kwenye uso mpana wa nje, utaongeza muda, moshi na joto ndani ya bonge bila faida, kwa kuwa uso huo unafikiwa na kisu.

Hatua ya sita: sahihisha kina cha mkato

Mkato unapaswa kuishia palepale tabaka linapoishia. Usipofika, nyuzi za karatasi hubaki zikiunganisha kigae na ukuta, na mamia ya nyuzi hizo hushinda mkono wa mtu. Ukipita, tabaka la chini hukatwa, umbo hudhoofika, na gundi iliyoyeyuka kupita kiasi hutiririka ndani ya mkato na kuuziba tena inapopoa. Matokeo ya makosa haya mawili yanafanana, yaani taka isiyotoka, na ndiyo maana wapo wanaoongeza nguvu ya leza pale ambapo walipaswa kuipunguza.

Jaribio ni rahisi. Gandisha matabaka matano bila kuyakata, kisha kwenye la juu kata safu ya miraba midogo, kila mmoja kwa nguvu tofauti kidogo. Nyanyua kila mraba kwa ncha ya kisu. Nguvu sahihi ni ile ambayo kingo za mraba zimeachana kabisa na jirani zake, na tabaka la chini lina alama hafifu isiyokwaruza ukucha. Rudia jaribio kila unapobadilisha roli ya karatasi, unaposafisha lenzi, na karatasi inapokuwa imekaa mahali penye unyevu. Angalia pia kona za miraba: kichwa cha leza hupunguza kasi kikigeuka, na kama mashine hairekebishi nguvu kulingana na kasi, kona zitakuwa zimetoboka wakati pande ni sahihi. Katika hali hiyo chagua nguvu inayofaa kona, kisha punguza kasi ya pande hadi zikatike sawasawa.

Kwenye mashine ya kisu, swali ni ukali na shinikizo. Kisu butu hakikati bali hukokota nyuzi, na dalili yake ni kingo zenye vinyweleo. Kibadilishe kabla ya kazi ndefu, si katikati yake.

Hapa pana onyo lisilo na mjadala. Filamu ya PVC haikatwi kwa leza kamwe, kwa sababu hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine. Na hata kwa karatasi, mfumo wa kuvuta moshi uwe unafanya kazi, na mtu awe karibu wakati wote wa kuunguza mistari iliyosongamana, kwa kuwa karatasi hushika moto.

Hatua ya saba: kipande cha majaribio

Kabla ya kazi kubwa, jenga kipande kidogo chenye matatizo ya kazi hiyo: bonde jembamba kama lile jembamba kabisa katika umbo lako, shimo lenye kina kilekile, uso mmoja unaotazama juu na mmoja unaotazama chini. Kitachukua saa moja au mbili. Pima dakika unazotumia kutoa taka katika kila sehemu na uandike pamoja na gridi, nguvu na kasi zilizotumika. Baada ya vipande vichache utakuwa na daftari lenye thamani kuliko mapendekezo yoyote ya kiwandani, yakiwemo haya yangu.

Hatua ya nane: toa bonge kwa wakati wake

Mashine ikimaliza, bonge bado lina joto ndani na gundi yake ni laini. Taka hutoka kwa urahisi zaidi katika hali hiyo, lakini umbo lenyewe pia hubanduka kwa urahisi na kupinda. Likiachwa kupoa kabisa, umbo huwa imara na taka huwa ngumu. Mimi hufuata njia ya kati: huliacha bonge jukwaani likiwa limekandamizwa kwa ubao bapa wenye uzito hadi liwe vuguvugu hata katikati, ndipo hulitenganisha na jukwaa kwa kisu kipana chembamba kinachosukumwa mlalo kwenye matabaka ya msingi. Kwa bonge kubwa kusubiri huko ni kwa saa kadhaa, na ni lazima. Baada ya hapo kazi ianze siku hiyohiyo.

Hatua ya tisa: ondoa taka kwa mpangilio

Andaa patasi za kuchongea mbao za upana wa aina mbili au tatu, kibano chenye ncha ndefu, kisu chembamba, brashi ngumu, glavu na miwani. Weka pia mezani picha ya umbo lililokamilika ikionyesha mkao wake ndani ya bonge. Mtu asiye na picha hiyo huvunja kielelezo akidhani ni taka, na hilo huwapata hata wenye uzoefu.

Ondoa fremu kwanza, kisha taka ya nje kuanzia kwenye pembe za bonge kuelekea ndani. Ingiza patasi kwenye mkato na uizungushe kidogo ili kigae kiachie. Egemeza patasi kwenye taka iliyobaki, kamwe usiiegemeze kwenye umbo. Anza na upande ulio mnene wa umbo na uache sehemu nyembamba zikiwa zimefukiwa hadi mwisho, kwa sababu taka iliyozizunguka ndiyo inayozilinda.

Kwa ukuta mwembamba uliosimama, shusha taka ya pande zote mbili kwa usawa, tabaka kadhaa huku, tabaka kadhaa kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, ukuta utabaki umeegemewa na taka ya upande wa pili, na kila msukumo wa patasi utaupinda hadi matabaka yaachane.

Kwa uso wa mlalo, usivute taka juu. Kuvuta juu ni kutenganisha matabaka, na gundi haichagui ni tabaka lipi liachie. Pitisha kisu mlalo, sambamba na karatasi, kati ya uso na taka, na ukisukume kigae pembeni kwa mwendo wa kuteleza. Kikikataa, kipashe moto kidogo kwa kipuliza hewa ya moto kwa sekunde chache, kigae hicho tu, kisha ujaribu tena. Usirudie zaidi ya mara mbili mahali pamoja.

Nguzo zilizo ndani ya shimo refu zitoe kuanzia katikati. Ile ya kwanza ndiyo ngumu. Ikishatoka, zilizobaki hupata nafasi ya kuegemea pengo lililoachwa na kuachana na kuta. Kama haitoki nzima, ivunje kwa kuingiza ncha ya kisu kati ya matabaka yake kila baada ya milimita tano au kumi, ukishuka nayo. Taka iliyoganda kwenye sakafu ya shimo isikwanguliwe kwa nguvu. Ikunwe kwa patasi iliyopinda, nyembamba, ikielekezwa mlalo.

Hatua ya kumi: tengeneza kilichobanduka na uzibe uso

Tabaka lililoinuka lirudishwe mara moja. Kwa gundi ya poliethilini, pasi ya moto wa kadiri ikipitishwa juu ya kitambaa kikavu huyeyusha gundi iliyopo, na ukandamizaji hadi ipoe humaliza kazi. Kwa sehemu isiyofikiwa na pasi, tumia gundi isiyo na maji, kwa kuwa maji huvimbisha karatasi palepale.

Piga msasa kwa kufuata mwelekeo wa matabaka, ukianza na wa kati na kumalizia na laini, kisha futa vumbi lote, hasa kwenye ngazi za nyuso zilizoinama ambako masizi ya leza hujificha. Baada ya hapo paka vanishi ya poliyurethani au epoksi nyepesi katika tabaka mbili au tatu, ndani ya mashimo pia. Karatasi iliyo wazi hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na huvimba zaidi kwa unene wa matabaka kuliko kwa upana wake, kwa hiyo kipimo cha wima ndicho kinachoharibika kwanza. Kielelezo kilichotolewa taka leo kisilale bila kupakwa, na vipimo vyake vichukuliwe kabla na baada ya kupaka ili ujue vanishi yenyewe imeongeza kiasi gani.